Mtani Aliyezikwa kwa Heshima

Dominick alikuwa na miaka tisa alipoanza kuitwa Redio, na tangu hapo hakuna mtu Kipatimu aliyemwita kwa jina la ubatizo isipokuwa padri, na padri naye alikuwa akisahau.

Jina lilimpata hivi. Katekista Xaveri alikuwa na redio ya mbao, ya betri kubwa, aliyoachiwa na mmisionari mmoja aliyerudi kwao Ulaya. Saa saba mchana aliiweka dirishani, na watu wakajaa barazani kusikiliza taarifa ya habari. Siku moja redio ikakata sauti katikati ya habari za mkutano wa mawaziri. Kabla watu hawajaguna, sauti ya mtoto ikapokea pale pale ilipokatikia: mawaziri hao wamekubaliana kwa kauli moja, mkutano utaendelea kesho, na sasa hali ya hewa. Pumzi ni ile ile ya mtangazaji, mkazo ni ule ule, na hakuna hata neno moja la kweli, maana alikuwa akitunga. Watu wakacheka mpaka wakashikana mabega. Xaveri akamsimamisha mtoto juu ya kigoda, akaigonga redio kwa kidole na kusema, "Huyu tutamsikia humu ndani."

Basi. Maneno manne, tena yaliyosemwa na mtani. Ukoo wa Xaveri na ukoo wa Dominick wametaniana tangu enzi za mababu. Watu wa koo hizo hawaamkiani kwa shikamoo wala habari za asubuhi, wanatukanana, na siku inaanza vizuri. Mtani akikuambia una sura nzuri, nenda kajitazame, huenda umepakwa masizi. Lakini mtoto wa miaka tisa atajuaje kutenganisha? Aliyachukua maneno yale yalivyo, akalala nayo, akakua nayo, akaoa nayo.

Alipomaliza shule ya misheni aliandika barua kwenye redio ya taifa, Dar es Salaam. Akaandika nyingine. Kwa miaka mingi aliandika barua kumi na tisa, akajibiwa moja tu, iliyosema barua yake imepokelewa. Akawa karani wa mizani katika chama cha ushirika, akipima korosho na ufuta na kusoma kilo kwa sauti ya taarifa ya habari, mpaka wakulima wakawa wanamwomba arudie. Kisha zikaja enzi za ruksa. Wanunuzi binafsi wakapanda milima ya Umatumbi na mizani yao wenyewe, ghala la ushirika likabaki na popo, na mwaka tisini na tatu Dominick akapewa barua yenye mhuri ya kumshukuru kwa utumishi wake. Alikuwa na miaka arobaini kamili.

Tangu hapo kazi yake ilikuwa gulioni. Kila Jumamosi, kwenye uwanja wa chini ya misheni, walikuja wachuuzi na marobota ya mitumba ya kafa-ulaya, masufuria, sabuni na tochi, na mmoja wao alikuwa na kipaza sauti. Dominick ndiye aliyekishika. Alizipigia debe suruali na makoti, na kati ya suruali na koti watu walimpenyezea matangazo yao kwenye vikaratasi: nani ana barua parokiani, chanjo ya watoto ni siku gani, bibi wa nani amepata nafuu, nani amepotelewa na nini. Aliyapanga, akayatilia madoido, akayatoa kwa mtindo wake. Watu walicheka, wakanunua, wakarudi Jumamosi nyingine. Kila aliyemwona alidhani amefika. Mwenyewe alijiona amezama. Mtu aliyeumbwa kusoma habari za dunia, leo anatangaza kiuno cha suruali ya Mzungu aliyekufa.

Ndiyo maana hakutulia. Alikula amesimama. Akianza kutengeneza mlango, anauacha umeegemea ukuta, anakwenda kuchimba shimo la choo, analiacha limefika magotini. Gari likisikika linapanda mlima, lazima atoke kulitazama, ingawa hamtarajii mgeni yeyote. Mkewe, Romana, mwanamke wa maneno machache yenye makali, alikwisha kuzoea.

"Ukikaa nitaleta mchuzi," alikuwa akimwambia. "Mpaka hapo, kunywa maji."

Mwezi wa nane mwaka tisini na sita, barua ya ishirini ikajibiwa. Hii hakuipeleka redio ya taifa. Alikuwa amesikia kwa madereva kwamba siku hizi Dar watu binafsi wanaweza kufungua stesheni zao, na hao wanatafuta watangazaji. Barua ilifika parokiani Jumapili baada ya misa: afike Ijumaa saa nne asubuhi kwa majaribio ya sauti. Alisoma mara tatu pale pale mlangoni mwa kanisa, kisha akakimbia. Hakukimbilia nyumbani kwa mkewe. Alikimbilia kwa Xaveri.

Xaveri wakati huo alikuwa mzee, amelala wiki ya tatu, miguu imevimba, nusu ya maneno imegeuka kikohozi. Mkewe Fortunata alikuwa amemwegemeza kwa mito. Dominick alimsomea barua kwa sauti ya saa saba mchana. Mzee alisikiliza macho yamefumbwa.

"Wanataka sauti," akauliza, "au wanataka mbwa wa mlangoni?"

"Wanataka sauti, wewe maiti usiyekubali kuoza."

Xaveri alicheka, kikohozi kikamshika, Fortunata akampigapiga mgongoni huku akimtukana Dominick kwa kumuua mumewe. Kilipotulia, mzee akasema, "Na nikifa uko huko, nani atanitukana?"

"Hufi. Shetani amekusahau."

Akafa Jumanne alfajiri.

Lori la machungwa la dereva Likwata lilikuwa liondoke kwenda Dar Jumatano saa sita mchana, na baada ya hilo hakuna jingine mpaka Jumamosi. Maziko yalipangwa Jumatano saa tatu. Dominick alipiga hesabu akaona inawezekana: atazika, atapanda, atafika. Lakini msiba haufuati saa ya mtu. Ikabidi wangojwe ndugu wa Xaveri kutoka Kinjumbi, ambao gari lao lilikwama njiani, na jeneza lilipofika kaburini jua lilikuwa limekaribia utosini. Dominick alikuwa amevaa koti lake la kanisani na viatu vya safari. Kimfuko chake cha nguo alikiacha kwa dereva.

Sasa, kwa ajili ya asiyejua, desturi ni hii. Mtani ndiye mwenye kaburi. Kabla marehemu hajashushwa, mtani huruka ndani ya shimo, hulala chali, hukataa kutoka mpaka aahidiwe kuku. Huvaa kofia ya marehemu, hutembea kama yeye, hukohoa kama yeye, hutoa uroho wake na woga wake wote hadharani, na wafiwa hucheka huku wanalia. Padri anajua, naye husimama kando na kitabu chake mpaka mambo hayo yaishe. Watani wengine walikuwapo siku hiyo, lakini mtani wa Xaveri hasa alikuwa Dominick, na mwenyewe akiwapo hakuna wa kumtangulia. Fortunata alikaa kwenye mkeka na wanawake, upindo wa khanga ameshauweka mdomoni. Alikuwa anangoja kucheka. Kwa siku mbili alikuwa hajalia hata tone, na kila mtu alijua kwamba kilio chake kitafunguliwa na mtani.

Dominick alipanda juu ya lundo la udongo. Watu wakasogea. Mtu mmoja akampelekea kofia ya mzee, akaipokea, akaishika mkononi. Na hapo, Mungu amsamehe, akaikumbuka Ijumaa. Akakumbuka kwamba hajapata nafasi ya kujaribu sauti yake mbele ya watu wengi, sauti ile yenyewe, bila suruali katikati. Akakohoa kidogo.

"Marehemu Xaveri," akaanza, "alizaliwa katika kijiji hiki, akapata elimu yake katika shule ya misheni, na kulitumikia kanisa kwa uaminifu kwa muda wa miaka arobaini na mmoja. Marehemu ameacha mjane na watoto watano. Atakumbukwa kwa ucha Mungu, upole na bidii yake."

Ilitoka safi. Hakukwama hata mahali pamoja. Mwenyewe aliisikia ikienda mpaka kwenye michungwa na kurudi, na moyo wake ukajaa, akaamini kwamba anamheshimu mzee kuliko alivyoheshimiwa mtu yeyote katika makaburi yale. Hakuona kwamba watu wamenyamaza. Hakuona Fortunata akiushusha ule upindo wa khanga mdomoni, taratibu, na kuuweka magotini. Honi ya Likwata ikalia mara mbili chini barabarani. Dominick akaiweka kofia juu ya jeneza, akainamisha kichwa mbele ya mjane kama afanyavyo mgeni rasmi, na akashuka kilima mbio, viatu vikimponyoka.

Alisafiri juu ya machungwa. Lori lilishuka milima kwa kurukaruka mpaka Njia Nne, likashika barabara kuu, likalala foleni ya kivuko cha Rufiji, na njia nzima Dominick alikuwa akisoma kwa sauti chochote kilichoandikwa: mabango, magunia, mgongo wa lori la mbele. Utingo aliyekaa naye alimwomba apumzike. Hakuweza. Kitu kilimwasha ndani, na mara mbili tatu kilimwasha vibaya, akaiona mikono ya Fortunata imekaa magotini, akajigeuza upande wa pili wa machungwa. Akajiambia atamletea kitenge.

Chumba cha majaribio kilikuwa kidogo, kuta zimefunikwa kwa mazulia, na mbele kuna kioo. Nyuma ya kioo alikaa binti wa miaka ishirini na kitu, vipokea sauti masikioni, anatafuna kitu. Dominick alipewa karatasi, akaisoma yote bila kukosea hata nukta. Alipoinua macho, binti alikuwa anatabasamu kwa upole, na upole ule ulimtisha.

"Mzee, una sauti nzuri kweli," binti alisema. "Kama redio kabisa. Babu yangu angekupenda."

"Asante."

"Ila sisi tunatafuta mtu anayeongea. Weka karatasi chini. Niambie kitu chochote, kama tuko kijiweni."

Dominick akaweka karatasi chini. Mtu aliyekuwa akiwafanya watu mia nne wasahau jua kila Jumamosi alifungua mdomo akakuta hamna kitu. Katika kioo hakumwona binti tena. Alijiona mwenyewe, mtu mzima, ndevu zina mvi kidevuni, amevaa koti la kanisani mbele ya mtoto. Hakuna aliyeguna, hakuna aliyemrushia neno, hakuna aliyecheka. Alisema, "Habari za leo, wasikilizaji," akanyamaza. Binti akasubiri, kisha akamshukuru, akasema watawasiliana.

Ukweli ni kwamba alilia, kwenye benchi la stendi, hadharani, kwa dakika chache. Si kwa sababu ya binti. Alilia kwa sababu kwa miaka thelathini na minne alikuwa amejiambia kwamba hajapewa nafasi, na sasa amepewa, na kisingizio kimekwisha.

Alirudi Kipatimu Jumatatu. Romana alimtazama usoni, hakuuliza, akaleta mchuzi ingawa mumewe alikuwa bado amesimama. Jioni Dominick akaenda kwa mjane na kitenge chake.

Njia nzima alikuwa akitayarisha tusi. Alipofika uani alimkuta Fortunata anapepeta mchele, akalitoa: "Kumbe mjane mwenyewe ndiye anazidi kunenepa. Ulimuua kwa kumlia chakula chake?"

Fortunata aliweka ungo chini. Akainuka, akajifunga khanga vizuri, akaenda ndani, akatoka na kiti cha mgongo, kile cha wageni, akakipangusa.

"Karibu, Bwana Dominick," akasema. "Habari za safari?"

Alipewa maji katika gilasi iliyokaa juu ya kisahani. Alipotoa kitenge, Fortunata alikipokea kwa mikono miwili, akapiga goti. Dominick akajaribu tena. Akasema maji yananuka jongoo. Mjane akasema amsamehe, atambadilishia. Wakaongea juu ya mvua. Akaongea juu ya mvua na mtani wake, kama wanavyoongea watu waliokutana kwenye foleni ya posho. Alipoaga, akasindikizwa mpaka njiani, akatakiwa baraka za Mungu yeye na familia yake.

"Amenisamehe," alimwambia Romana alipofika nyumbani, na hata masikioni mwake neno hilo halikusikika vizuri.

"Alikuambia nini?"

Akamweleza. Romana aliacha kukoroga sufuria.

"Baba Deo, ulimzika mtani wako kama mkuu wa wilaya. Ucha Mungu na upole. Xaveri alikuwa na upole? Yule aliyempiga jogoo wa padri kwa kiatu?" Akarudia kukoroga. "Sasa na wewe unafanyiwa heshima. Ndiyo hiyo."

Kama hakutulia kabla, sasa ilikuwa balaa. Kijiji kizima kilimtania na kumzomea kwa kushindwa Dar, na hilo halikumuuma. Lilikuwa kama mvua ya rasharasha. Lililomuuma lilikuwa nyumba moja. Alipita mbele ya ua wa Fortunata mara tatu kwa siku, akibeba jembe asilokwenda kulitumia, na kila mara mjane alisimama na kumwamkia kwa adabu. Alianza kuzunguka kwa nyuma, kupitia mihogo ya watu. Jumamosi ya kwanza hakwenda gulioni, akasema ana homa. Jumamosi ya pili hakusema kitu. Wachuuzi wakamtafuta, akawajibu kwamba sauti imekauka. Vikaratasi vya watu vikapenyezwa chini ya mlango, na Romana akaviweka kwenye kikombe rafuni.

Alijaribu kufikiri amekosa nini hasa, na kila alipofika mahali pale alisimama. Alikuwa amempa mzee sauti yake bora. Si ndiyo ile aliyotabiriwa? Si ndiyo ile mzee aliyoingojea dirishani? Na hili ndilo lililomkondesha: Xaveri alingoja miaka thelathini na minne akafa hakumsikia. Alikuwa amewaangusha wote wawili, mzee akiwa hai na mzee akiwa jenezani.

Arobaini ikafika. Kwa Fortunata kulipikwa wali masufuria manne, padri alisoma misa asubuhi, na baadaye watu wakakaa uani kwa ajili ya kugawa nguo za marehemu. Dominick alikuja amechelewa, akasimama karibu na choo, mahali ambapo angeweza kuondoka. Watani wengine walikuwa wamekwisha kuanza, wakigombea suruali za mzee, na kicheko kilikuwa cha kawaida, cha shibe. Fortunata alikaa kizingitini, uso mkavu. Siku arobaini, na majirani walisema bado hajalia. Mtoto wake wa kwanza, Eusebio, aliinua koti la mzee, lile lililochakaa viwiko.

"Hili?" akauliza.

Dominick hakuwa amepanga. Alijikuta amevuka ua, amelichukua koti, amelivaa. Mikono ilimfika nusu. Akaanza kutembea, mguu wa kushoto ukiburuza, tumbo mbele, na watu wakaacha kugombea suruali, kwa sababu alikuwa yeye hasa, Xaveri mzima mzima, mpaka mtoto mmoja akamkimbilia mama yake. Akakohoa kikohozi kile. Akavuta kigoda, akakiinua kinu kilichokuwa pembeni, akakilaza mbele yake, akautegea mdomo wake sikio. Akakinyonganyonga kama anatafuta stesheni.

"Fortunata," akaita kwa sauti ya mzee. "Njoo upesi. Leo anasoma."

Watu wakaguna.

"Bado. Huyu si yeye, huyu anajua kusoma." Akakipiga kinu kofi. "Mwaka gani huu? Sitini na tano? Basi mwakani." Akategea tena. "Sabini na mbili. Bado. Labda amekwenda haja. Fortunata, lete betri. Themanini. Huyu mtoto nilimweka mwenyewe juu ya kigoda, atakuja tu. Tisini. Mbona nasikia watu wanatwanga humu ndani?"

Kicheko kikalipuka. Wanawake wakaangukiana. Dominick hakusimama, akamgeuza mzee kuwa mjinga wa milima yote, mtu aliyeweka sikio kwenye kinu ujana wake wote, akimngoja mpumbavu mmoja aliyekuwa anapima korosho. Akamfanya afe hivyo hivyo, sikio likiwa kinuni, mkono mmoja umeinuliwa kuwanyamazisha malaika. "Ngojeni," akawaambia malaika, "taarifa ya habari inaanza." Alikuwa anacheka yeye mwenyewe, na machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka kwenye kola ya koti la watu.

Fortunata hakucheka. Aliinuka kizingitini, akavuka ua, na watu wakaanza kumpisha mmoja mmoja. Alisimama mbele ya Dominick, akamshika kola.

"Vua koti," akasema. "Humjui."

Dominick akavua. Fortunata akalivaa juu ya khanga zake, akageuka kuwatazama watu. Mjane kumwigiza mumewe si jambo la kila siku, na hata padri, aliyekuwa na sahani ya wali, aliacha kutafuna.

"Huyu ni yeye, Jumamosi," Fortunata alisema, akajishika kiuno, akaburuza mguu. "Ameamka, amenyoa, amepaka mafuta. 'Mama, nakwenda gulioni kununua chumvi.' Nenda. Anarudi jioni na chumvi. Jumamosi nyingine, chumvi. Nina chumvi ndani ya kukausha ng'ombe wawili. Nikasema huyu mzee amepata mwanamke. Nikamfuata." Alitembea hatua tatu, akasimama, akafumba macho, akainua kidevu. "Namkuta nyuma ya wauza vyungu. Amesimama hivi. Muda wote. Huyu kinyago wenu anapiga kelele za suruali na homa za watu, na mume wangu anacheka peke yake kama mwehu."

Alifumbua macho, akamgeukia Dominick.

"Redio alimuuzia mtu wa Kilwa mwaka ule ule ulipoanza hizo kelele. Nikamuuliza, redio umeuza, huyo mtoto wako utamsikiaje? Akaniambia, 'Nimekwisha kumsikia. Toka mwanzo nilimsikia.'"

Dominick alisimama na shati lake, mikono haijui pa kwenda.

"Halafu siku ya kumzika," Fortunata akasema, na sauti yake ikaanza kupasuka, "siku moja tu ambayo alikuhitaji umpigie kelele zako, ukaja na koti ukamsomea ucha Mungu. Nilimtazama mle ndani nikasema, masikini, hata hajui anazikwa nani." Akampiga kifuani kwa kiganja. "Mzike. Mzike sasa, mbwa wewe. Au mpaka nikupe kuku?"

Dominick alifungua mdomo na kwa mara ya pili mwaka ule akakuta hamna kitu. Lakini hapa hapakuwa na kioo. Palikuwa na Fortunata ndani ya koti, pua inamchuruzika, na nyuma yake nyuso anazozijua zote, na Romana katikati yao, ambaye alimtolea ulimi. Akavuta pumzi.

"Tangazo," akasema, kwa sauti yake ya Jumamosi. "Amepotea mzee mmoja. Ni mweusi, hana pembe, mguu wa kushoto unaburuza. Siku aliyopotea alikuwa amelala. Haitiki akiitwa kusali, anaitika akiitwa kula. Ana tabia ya kuwapiga jogoo wa watu. Atakayemwona asimpe chumvi. Amrudishe kwa mkewe, hapa hapa, nyumba ya tatu kutoka parokiani, kwa sababu mkewe..."

"Asimrudishe," Fortunata alidakia. "Amwache huko huko. Nimechoka kupika."

Na alipokwisha kusema hivyo akakaa chini kwenye mchanga, akajifunika uso kwa mikono ya lile koti, na kilio cha siku arobaini kikatoka chote, cha sauti, cha mwili mzima, huku katikati yake anacheka, anashindwa kupumua, anacheka tena. Wanawake wakamkimbilia. Akawasukuma. Akainua uso uliolowa, akamtafuta Dominick kwa macho mpaka akampata.

"Endelea, mwehu wewe," akasema. "Hujasema alivyokuwa akikoroma."

Dominick akaendelea mpaka wali ukapoa.